Mtoto akirudi na ‘mradi’ wa shule: kutoka pipa la maji Mbagala hadi ramani ya dunia

Saa kumi na moja jioni, daladala za Rangi Tatu zimeshaanza kujaa, mtoto wa darasa la tano anaingia nyumbani, anatupa begi kwenye kochi na kutangaza kwamba mwalimu ametoa mradi. Unatakiwa Ijumaa. Unahitaji boksi gumu, rangi, picha za kupakua mtandaoni na, bila shaka, simu ya mama.

Kinachofuata kinajulikana katika nyumba nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju. Mama anakimbilia dukani kununua manila, dada mkubwa anachora, baba anaomba vipande vya mbao kwa fundi seremala, na Ijumaa asubuhi mtoto anabeba kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza. Anapata alama nzuri. Wiki inayofuata boksi liko jalalani.

Wazazi wengi wanapolalamikia ‘mambo ya miradi’ ndicho wanachokilalamikia, na hawajakosea. Lakini kazi ya namna hiyo haifanani kabisa na mafunzo kwa njia ya mradi yanayozungumzwa duniani sasa, yale ambayo mtoto anachunguza jambo la kweli la mtaani kwake, anakusanya taarifa, kisha anazilinganisha na za watoto wa nchi nyingine. Tofauti ya hayo mawili inafaa kujulikana na kila mzazi, kwa sababu kazi mradi hazitaondoka shuleni hivi karibuni.

Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umekuwa ukianza kutumika kwa awamu, kuanzia elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, pamoja na kidato cha kwanza katika shule za mkondo wa amali. Mtaala huo umejengwa juu ya umahiri, maana yake mtoto aonyeshe anachoweza kukifanya kwa alichojifunza, badala ya kukikariri na kukitapika kwenye mtihani. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inafika miaka 10.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake alikuwa darasa la tatu mwaka 2024, hesabu yake inatisha kidogo. Mwaka 2027 mtoto huyo atamaliza darasa la sita, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la mtaala wa zamani litamaliza darasa la saba. Makundi yote mawili yataelekea kidato cha kwanza kwa pamoja. Mzazi anayekabiliwa na msongamano huo akisikia habari za miradi ana haki ya kuuliza kama mwanawe anasaidiwa au anapotezewa muda.

Jibu linategemea mradi wenyewe ni upi.

Swali kwanza, boksi baadaye

Mradi wa kweli unaanza na swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake mfukoni. Ramani ya Tanzania iliyofinyangwa kwa udongo ni zoezi zuri la mikono, lakini jibu lake liko ukutani tayari. Ni nyumba ngapi katika mtaa wetu zina mazalia ya mbu wiki hii? Hilo halipo kwenye kitabu chochote. Lazima mtu atoke, aangalie, ahesabu, aandike, arudie wiki ijayo.

Mfano wa mbu haukuchaguliwa kwa bahati. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko mkubwa wa homa ya dengi mwaka 2014, Kinondoni ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu mwaka 2019. Mbu anayeuambukiza, aina ya Aedes, anauma mchana. Chandarua cha usiku hakimzuii. Mtoto aliyekaa darasani saa nne asubuhi au anayecheza uwanjani yuko kwenye saa za kazi za mbu huyo.

Tena mbu huyu hapendi mtaro wenye maji machafu kama wengi wanavyodhani. Anataga kwenye maji yaliyotulia na yenye usafi wa kiasi: pipa lisilofunikwa, tairi lililotupwa nyuma ya gereji, kifuu cha nazi, kopo la rangi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kwa joto la Dar es Salaam, safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi. Ndiyo maana kumwaga maji hayo mara moja kwa wiki kunakata mzunguko. Na mayai yake hugandamana kwenye kuta za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo pipa linatakiwa kusuguliwa, si kumwagwa tu.

Sasa mtoto wa darasa la tano apewe kikombe cheupe, daftari na kalamu, na aongozane na mtu mzima. Anachota maji kidogo kutoka kwenye chombo na kuangalia viluwiluwi. Wanaolala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, ni wa Anopheles, mbu wa malaria. Wanaoning’inia kichwa chini kwa mshazari, mkia ukigusa juu ili kuvuta hewa, ni wa Aedes au wa Culex, yule mbu wa usiku anayejaza vyumba vya mji huu. Ukishaonyeshwa mara moja huwezi kusahau, na mtoto hatahitaji mtu amsaidie kukariri.

Akikagua nyumba 20 na kukuta viluwiluwi kwenye nyumba sita, ana asilimia 30. Hesabu hiyohiyo, asilimia ya nyumba zenye viluwiluwi, ndiyo wataalamu wa afya duniani wanayoitumia kupima hatari ya dengi katika eneo. Watoto wa Charambe wakiifanya kwa wiki nne, huku wakipima mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kuwekewa alama za milimita, watakuwa na jedwali na grafu, na hoja ya kumpelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hapo wamesoma hisabati, sayansi, Kiswahili cha kuandika ripoti na uraia kwa mpigo mmoja.

Tahadhari mbili hapa. Watoto wasichote kwenye mitaro, madimbwi ya mafuriko wala karibu na mashimo ya vyoo. Kuna kichocho, kuna kipindupindu na kuna vipande vya chupa. Viatu vya kufunika mguu, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi. Na yule mtoto mwenye bidii anayetaka kubaki na viluwiluwi kwenye chupa chini ya kitanda aambiwe mapema kitakachotokea siku ya saba.

Neno la Newala lililozunguka dunia

Je, dunia inaingia wapi katika pipa la Mbagala?

Mwaka 1952 na 1953, kusini mwa Tanganyika katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala, ulizuka ugonjwa wa homa ulioambatana na maumivu makali ya viungo. Wagonjwa walikuwa wanajikunja kwa maumivu. Wanasayansi waliouchunguza walichukua jina lake kutoka kwa wenyeji: chikungunya, neno la Kimakonde linalohusu kupinda au kujikunja. Leo neno hilo liko kwenye vitabu vya tiba vya lugha zote kubwa za dunia.

Safari yake inaweza kufuatwa kwenye ramani ya ukutani kwa uzi na pini. Mwaka 2004 ugonjwa ulilipuka Lamu, ambako uchunguzi ulikadiria kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Ukafika Komoro mwaka 2005, kisha visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Huko Réunion karibu theluthi ya watu waliugua. India ikafuata. Mwaka 2007 ulionekana Italia, na mwishoni mwa 2013 ulianza kusambaa katika visiwa vya Karibea.

Mbagala iko kwenye barabara ya kusini na ina familia nyingi zenye asili ya Mtwara na Lindi. Kuna watoto darasani ambao bibi zao wanaweza kueleza neno hilo kwa Kimakonde vizuri kuliko daktari yeyote. Ni vigumu kufikiria somo bora zaidi la dunia iliyounganishwa: bibi wa Newala anajua maana ya neno ambalo mtoto wa Karibea analiogopa, na anayewaunganisha ni mbu anayezaliwa kwenye kopo la rangi.

Kulinganisha taarifa na wenzao wa mbali hakuhitaji kubuniwa upya. Mpango wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka uliofuata, unawaunganisha wanafunzi wa nchi zaidi ya 120 wanaopima mvua, joto, udongo na maji katika maeneo yao na kuingiza vipimo hivyo katika hifadhi moja ya taarifa inayotumiwa na wanasayansi. Una pia programu ya simu ambayo sehemu yake moja ni ya kutafuta mazalia ya mbu: mtumiaji anapiga picha ya chombo, anahesabu viluwiluwi, anaandika mahali, na mwisho programu inamuuliza kama amemwaga au kufunika maji hayo. Kwa mtoto wa shule ya msingi, simu na akaunti viwe vya mtu mzima.

Lakini kuna njia ya karibu zaidi ambayo husahaulika kila dunia ikitajwa, kana kwamba dunia ni Ulaya na Marekani tu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013. Mbu wake ni yuleyule, na watoto wake wanazungumza Kiswahili. Goma, Bukavu, Bujumbura na Lubumbashi nako kuna madarasa yaliyojaa watoto wanaoweza kuelewana na mtoto wa Temeke bila mkalimani. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka siku hiyo inapita kwa mashairi na hotuba. Darasa la Tandika likibadilishana grafu za mvua na darasa la Mombasa, kwa Kiswahili, litakuwa limeitumia lugha hiyo kwa kazi.

Mawasiliano yenyewe hayahitaji mkutano wa video, ambao humaliza bando na kukatika katikati ya salamu. Mwalimu mmoja mwenye simu moja anaweza kupiga picha za majedwali ya darasa zima na kuzituma mara moja kwa wiki, pamoja na sauti ya watoto wawili wakieleza walichokiona. Wenzao wanajibu wakati wao. Kama upande wa pili ni Japani au Ireland, faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa Dar es Salaam ikiwa saa nne asubuhi, Japani ni jioni na Ireland wakati wa baridi bado ni alfajiri. Halafu mtoto wetu atalazimika kumweleza mwenzake kwa nini hapa saa moja ya asubuhi wao wanaiita saa saba, na kwa nini hesabu yetu, inayoanza na macheo, ina mantiki yake. Hilo peke yake ni kipindi kizima.

Barabara ya kwenda shule

Wapo wazazi watakaosema watoto hawawezi kubadili chochote kwa daftari. Kazi moja iliyofanyika jijini inaonyesha nguvu ya maswali madogo.

Shirika la Amend lilifanya kazi katika shule za Dar es Salaam kupunguza ajali za barabarani kwa watoto. Lilianza kwa kuuliza mambo ya kawaida: watoto wa shule hii wanapita wapi, wanavukia wapi, nani aligongwa na palikuwa wapi. Baada ya hapo yakawekwa matuta, vivuko vya pundamilia, njia za waenda kwa miguu, vizuizi na alama, na watoto wakafundishwa usalama barabarani. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo hazikufanyiwa ulikuta majeraha yamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, ya dola 250,000 za Marekani, katika mwaka wake wa kwanza kutolewa.

Ile ilikuwa kazi ya watu wazima wenye fedha na wahandisi. Lakini hatua yake ya kwanza, kuuliza na kuandika, iko ndani ya uwezo wa darasa la sita la shule yoyote iliyo kando ya barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo. Watoto wachore njia zao za kwenda shule, waweke alama nyekundu wanapoogopa kuvuka, wahesabu bodaboda zinazopita bila kupunguza mwendo kwa nusu saa, wakiwa wamesimama ndani ya uzio wa shule na si barabarani. Karatasi hiyo ikifika kwenye kikao cha kamati ya shule, diwani akiwapo, itasomwa.

Ramani za namna hiyo zina historia katika mji huu. Mwaka 2004 ulipoanza mpango wa kudhibiti malaria mijini, wakazi wa mitaa ya Ilala, Kinondoni na Temeke walikuwa wakipita kiwanja kwa kiwanja na kuchora kwa mkono ramani za maeneo yao ili hakuna dimbwi litakaloachwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale waliichora Tandale, vyoo, visima, mitaro na vichochoro vyake, na kuiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Desemba mwaka huohuo mafuriko yaliua makumi ya watu jijini, na wengine wengi wakahamishiwa Mabwepande. Kuanzia 2015 kazi ya Tandale ilipanuliwa kwa kata nyingine zinazofurika, kwa jina la Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wenyeji wanaojua maji yalifika dirisha gani mwaka gani.

Uhusiano huo na dunia ni wa pande mbili. Tangu 2015, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali kupitia Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwa kutazama picha za setilaiti, na wenyeji wanaongeza majina. Ramani hizo zimesaidia kituo cha Rhobi Samwelly mkoani Mara kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, katika vijiji ambavyo awali havikuwa kwenye ramani yoyote ya simu. Aliyechora barabara anaweza kuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Aliyejua jina la kijiji hajawahi kutoka Mara. Hakuna aliyeweza kuifanya kazi hiyo peke yake.

Wakifika sekondari

Kwa watoto wa sekondari njia ipo wazi zaidi. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dk Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, inawaalika wanafunzi kufanya utafiti wao wakiongozwa na mwalimu, kisha kuuonyesha mbele ya majaji na umma jijini Dar es Salaam. Maonyesho ya kwanza yalifanyika mwaka 2012. Miradi inahusu afya, kilimo, teknolojia, hata tabia za watu, na washindi wamepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu.

Mfano wake ulitoka Ireland, ambako walimu wawili wa fizikia, Tom Burke na Tony Scott, walianzisha maonyesho kama hayo mwaka 1965. Kijana aliyeshinda huko mwaka 2005, Patrick Collison, baadaye alianzisha na ndugu yake kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Stripe. Mfano huo wa bilionea hutajwa mno. Wengi waliopita pale hawakuwa matajiri. Walichobaki nacho ni mazoea ya kusimama mbele ya mgeni, kueleza walichopima, na kujibu swali gumu bila kutetemeka. Mzazi aliyewahi kumpeleka kijana wake kwenye usaili wa kazi anajua hilo lina thamani gani.

Vikwazo ambavyo havifichiki

Ni rahisi kuandika haya yote na kusahau darasa lenyewe lilivyo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule za pembezoni mwa jiji, hasa za Mbagala, zimepokea watoto wengi kuliko vyumba vyake. Ziko zinazopokezana, wengine asubuhi na wengine mchana. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 hawezi kufuatilia daftari la kila mtoto la viluwiluwi. Anaweza kufuatilia vikundi 15, kama kila kikundi kina kiongozi na kazi zimegawanywa: mmoja anachota, mmoja anahesabu, mmoja anaandika. Hilo linahitaji mwalimu aliyeandaliwa, na walimu wengi wamekutana na mtaala mpya wakiwa tayari na mzigo wa zamani.

Kizazi cha wazazi na babu wa watoto hawa kina kumbukumbu yake pia. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ifundishe kwa kazi na mazingira ya mtoto, wazo ambalo halina tofauti kubwa na linalosifiwa leo kwa majina mapya. Katika shule nyingi liliishia kuwa shamba la mwalimu, ndoo za maji na kuni. Mtoto alifanya kazi, hakujifunza kazi. Mzazi anayeshtuka kusikia neno mradi ana sababu zake, na shule inayotaka kuungwa mkono inapaswa kumweleza mtoto atajifunza nini hasa.

Kisha kuna pesa. Mradi unaolazimisha manila, gundi, rangi na uchapishaji wa picha za rangi unawabagua watoto kwa mifuko ya wazazi wao, na mbaya zaidi, unawapa alama wazazi. Kikombe, chupa tupu na daftari la zamani vinatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapo juu. Na mradi unaotolewa Jumatano kukusanywa Ijumaa si mradi. Vipimo vya maana vinahitaji wiki tatu au nne.

Simu ya mama

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, sehemu ya mtandao inahamia nyumbani, kwenye simu ya mzazi, ambayo mara nyingi ndiyo benki ya nyumba, duka na daftari la vikoba. Kuiweka mkononi mwa mtoto wa miaka 11 saa mbili usiku bila mtu pembeni ni jambo zito.

Utaratibu unaofanya kazi ni rahisi: mtoto aandike kwanza kwenye karatasi anachotafuta, maswali matatu tu, kisha akae na mtu mzima kwa dakika 20 sebuleni, si chumbani. Namba ya siri ya pesa isiwe ileile ya kufungulia simu. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vikishapakuliwa havihitaji bando tena. Kwa wadogo, vipindi vya Ubongo Kids vinavyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam vinafundisha hesabu na sayansi kupitia televisheni; wakati shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni 2020, nyumba nyingi zisizo na intaneti ziligundua kwamba redio na televisheni bado ni walimu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni picha. Mradi ukiisha, kila mtu anataka kupiga picha ya watoto wakiwa na kazi zao na kuirusha. Picha inayoonyesha sura ya mtoto, sare, jina la shule na mahali inamweleza mtu mwenye nia mbaya kila anachokihitaji. Picha ya grafu, ya kipimo cha mvua au ya mikono ikishika kikombe inatosha kwa darasa la upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za watoto pia, na mzazi anaweza kukataa picha ya mwanawe kutumwa bila kuonekana mkorofi. Aulize pia ni nani mwingine yuko kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Mawasiliano na shule ya nje yapite kwa walimu wa pande zote mbili. Mtoto asipewe namba ya ‘rafiki wa mradi’ wa kuzungumza naye peke yake.

Akiona mtu mtandaoni anamwomba mtoto picha, siri au kukutana, mzazi asifute mazungumzo hata kama yanamuudhi, maana hayo ni ushahidi wa dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure. Mtoto naye aelezwe mapema kwamba akisema ukweli hatanyang’anywa simu wala kuchapwa. Wengi hukaa kimya kwa kuogopa adhabu ya nyumbani kuliko wanavyomwogopa huyo wa mtandaoni.

Kikao cha wazazi kijacho kina nafasi ya maswali machache yasiyochukua hata dakika tano. Miradi ya muhula huu ni mingapi, na itatangazwa lini? Swali la kila mradi ni lipi? Kuna kifaa chochote cha kununua, na asiyeweza kununua atafanyaje? Nani atakayesoma matokeo nje ya darasa? Mwalimu akijibu la mwisho kwa kumtaja mtu, awe mwenyekiti wa mtaa, mganga wa zahanati ya jirani au darasa la Mombasa, mzazi anaweza kurudi nyumbani na kuanza kutafuta chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Mvua za vuli huanza Oktoba, na kipimo kinatakiwa kiwe uani kabla hazijafika.